Mwalimu Aliyeupa Mlima Mgongo

Mwalimu alikuwa na desturi ya kufunga faili pale pale tulipotaka aendelee. Msafiri ameshapanda, jasho limemlowesha, wenyeji waliomwongoza wamekaa kivulini, yeye amesogea mbele peke yake na kuinua macho. Hapo faili linafungwa mapajani mwa Mwalimu na mkono wake unawekwa juu. "Hapa hapasomwi," anasema. "Hapa panakwendwa." Kisha anaanza kutafuta viatu vyake kwa mguu, chini ya kochi, na sisi tunatazamana tukijua kwamba chai yetu itapoa.

Hayo yalikuwa ya kila Alhamisi alasiri nyumbani kwake Al Amerat, nje ya Maskati, upande wa pili wa milima, katika zile nyumba mpya zinazofanana hata mgeni hugonga kwa jirani kwanza. Tulikuwa wanawake wachache, sote watu wa Unguja kwa asili, wengine wamezaliwa huko na wengine huku. Mimi nilikuwa nikitoka kazini Maskati ya zamani, ofisini ninakofasiri barua, nikivuka milima na nguo zangu za kazi. Mdogo wangu Zuwena, ambaye ni mfamasia, alikuwa akija baadaye, amechelewa, ananukia udi, mikono mitupu. Nitamtaja sana Zuwena. Ningependa nisimtaje, lakini habari hii haiendi bila yeye.

Sitasema Mwalimu alizaliwa mtaa gani wala ni mtoto wa nani. Watu wetu wakikutana ndilo jambo la kwanza wanaloulizana, na hawatulii mpaka wapate jina la babu wanayemjua. Mwalimu alikuwa akikata maneno hayo mapema. Nami namweleza kama nilivyomjua, na nilimjua kwa wivu. Usidhani wivu ni njia mbaya ya kumjua mtu. Anayependa husamehe na kusahau. Mwenye wivu haachi kuangalia.

Alikuwa amesomesha historia katika skuli za wasichana mpaka akastaafu, na alipostaafu akaona kwamba yale aliyoyasomesha hakuyapenda hata kidogo. Alichokipenda ni safari zilizoandikwa na Wazungu waliopita pande zetu karne ya kumi na nane. Hakuwa na vitabu vyenyewe. Alikuwa na fotokopi, amezipanga katika mafaili ya skuli yenye rangi, na kila msafiri amempa faili lake na jina la kazi yake: kijani ni Tabibu, nyekundu ni Mpima Nyota, na la buluu, lililochakaa kuliko yote, ni la Karani, kijana wa meli ya biashara aliyekaa Maskati akingoja shehena na kuchoka na kuta za mji. Mwalimu alisoma kwa macho lugha yao na kutoa kwa mdomo Kiswahili cha kwetu, bila kusita, huku akimenya chungwa. Mimi nalipwa kwa kazi hiyo na siwezi kuifanya hivyo. Hilo lilikuwa la kwanza nililomwonea wivu, nikalifidia kwa kumsahihisha.

Hakuwapenda wasafiri wenyewe. Aliwaita wapumbavu wenye kalamu nzuri. Walifika na vyombo vya kupimia, wakapima kina cha bandari, urefu wa ngome, joto la kivulini na la juani, wakaandika tarehe juu ya kila ukurasa. Wakiona watu wamekaa duara wanaleta dhikri, wanacheka. Wanaandika kwamba watu wa mashariki hupotewa na akili wakidanganywa na sauti zao wenyewe. Kisha wanapanda jabali moja tupu, lisilo na mti wala kisima, na hapo juu yanawatokea yale yale waliyoyacheka. Vyombo vinabaki mfukoni. Anayeandika hajui tena kama amekaa kidogo au kutwa. Anasema amekuwa mdogo, au amekuwa mkubwa, au hayupo. Na ukitazama juu ya ukurasa huo, Mwalimu akatuonyesha kwa kucha, tarehe hakuna. Inarudi ukurasa unaofuata, mtu ameshuka, ameona haya, anaandika bei ya mchele.

Ukurasa usio na tarehe ndio aliokuwa akiusaka katika kila faili. Hakujali mengine. Siku moja mwenzetu mmoja alimuuliza kitu hicho kinaitwaje, maana lazima wenyewe wana neno lake. Mwalimu akasema wanalo, tena wamelipigia makelele sana, lakini yeye halitaki mdomoni. Kwake ni uzuri unaotia khofu, basi, na mtu akishajua jina lake zaidi ya hapo ameshaanza kupima.

Kwa hiyo hakuusoma. Aliusaka ukurasa, akaupata, akaukataza. Niliona ni kituko cha mwalimu mstaafu asiye na wanafunzi wa kuwatisha. Tulikuwa tukitoka pale na magari mawili, chupa ya chai, mkate wa kumimina umefungwa kwenye kitambaa, na kiti kimoja cha kukunja, kwenda kule msafiri alikosimama au karibu na kule. Tulikwenda Sidab, tukakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba za wavuvi. Tulikwenda chini ya ngome za Maskati siku za mapumziko, mawizara yamefungwa na mitaa mitupu. Mara nyingi tulipanda njia ya mlimani, tukaegesha gari pale pa upana, mji umebaki nyuma na mbele ni majabali juu ya majabali, rangi ya chuma kilichoungua.

Uendeshaji wake ulikuwa wa mtu asiyeamini breki. Alishuka mteremko kwa gea ndogo, injini ikilia, madereva wa nyuma wakipiga honi, naye akiwajibu salamu kwa mkono kana kwamba wanamwamkia. Chakula alikuwa mgumu nacho. Alikata mkate vipande vyembamba vya kuonea upande wa pili, lakini ukiugua alikuletea sufuria nzima ya uji wa mtama na kukaa mpaka uumalize. Alisema uongo mdogo mdogo kwa watu wa simu waliotaka kumuuzia vitu, akiwaambia kwamba yeye ni mtumishi na bibi amesafiri. Na hakuwahi kufika popote kwa wakati ila kwenye sala.

Hili la wakati lina maelezo yake. Sebuleni kwake palikuwa na saa mbili ukutani. Moja ilikwenda kama zinavyokwenda zote. Ya pili alikuwa akiiweka mwenyewe kila siku adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Anapanda kigoda, anafungua kioo, anairudisha mishale kwenye kumi na mbili, maana jua limezama na siku imekwisha. Wazee wa Unguja walifanya hivyo na wazee wa Maskati walifanya hivyo. Ya kwanza alisema ni ya serikali. Ya pili ni ya kusomea. Akikwambia uje saa fulani hukujua ameangalia ipi, na nadhani na yeye hakujua.

Nilikuwa nikimsahihisha, nimesema. Lakini sitaki ufikirie kwamba alichukia. Alinipa mafaili niende nayo nyumbani, jambo ambalo hakumfanyia mwengine, na nikirudi na makosa niliyoyapata aliyapokea kwa furaha, akayaandika pembeni kwa penseli. Mbele ya watu alinisifu kwamba Rahma ndiye jicho lake. Nilifurahi mwaka wa kwanza. Baadaye nikaelewa kwamba kila mmoja pale alipewa sifa yake, na yangu ilikuwa ya kazi. Nilitaka ile nyingine.

Ile nyingine ilikuwa neno moja. Tukiwa tumesimama mahali, upepo unavuta mabuibui yetu, akimwona mtu amenyamaza kunyamaza kwa kweli, alimwendea na kumshika kiwiko, akamwambia, "Umefika." Hakusema zaidi na hakusema mara nyingi. Nimewaona wanawake wazima, wenye wajukuu, wakilia kwa kuambiwa hivyo. Mimi hakuniambia. Nilijua kila ukurasa, nilijua ni jabali gani na kwa nini, nilikuwa nimewasahihisha yeye na wasafiri wake wote, na nikisimama pale nilihisi joto na nikafikiria foleni ya kurudi.

Na yeye mwenyewe hakutazama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Akishuka garini alikikunjua kiti chake, akakiweka kutuelekea sisi, mlima ukabaki mgongoni mwake. Sisi tunatazama juu, yeye anamimina chai. Nilidhani ameshatazama akashiba. Nilidhani ni mtu aliyezoea kukaa na jambo kubwa hata hana haja ya kuligeukia, kama mwenye nyumba asivyokodolea macho ukuta wa nyumba yake. Nilimwonea wivu mgongo ule. Nilikuwa nikiuangalia uso wake, vile ulivyotulia juu ya kikombe, na kujiambia kwamba yote ninayoyataka yamo humo na hanipi.

Sasa niseme habari ya saa sita, ya siku moja ya mapumziko tuliyokutana asubuhi badala ya alasiri.

Karani, katika faili la buluu, anasema alitoka mjini na wenyeji wawili ili aone nchi iliyo nyuma ya milima, na alifika juu saa sita. Hapo Mwalimu alifunga faili. Tukaulizana saa sita ipi. Mwalimu hakuona swali. Kurasa chache nyuma kijana huyo amesema kwamba aliposhuka pwani aliiweka saa yake kwa magharibi, kama wenyeji wake, kama ile ya ukutani pale. Basi saa sita yake ni saa sita yetu. Usiku haoni mtu kitu, kwa hiyo ni mchana, jua la utosi. Wenzangu wote walikubali, maana katika nyumba zetu saa sita ni saa sita, na hakuna aliyelelewa jikoni kwa Kiswahili anayeweza kusikia neno hilo na kufikiri kumepambazuka.

Mimi nilijua si hivyo. Nilikuwa nimeufungua ukurasa usio na tarehe nyumbani kwangu, peke yangu, nikausoma wote. Mawe yana umande. Koti la Karani limelowa. Jua linamzukia usoni. Alihesabu kwa saa za melini siku ile, akasahau kusema, na saa sita yake ni ya alfajiri kwisha, yaani saa kumi na mbili yetu. Nilimwambia Mwalimu mbele ya watu. Akasema pole pole, "Umesoma pasiposomwa." Hakuuliza zaidi. Akatafuta viatu.

Tukaenda mchana wa jua kali, mwezi wa joto kuliko yote, kwa sababu ya saa iliyowekwa ukutani na mwanamke mmoja mkaidi. Barabara ilikuwa inameta. Tulipofika juu hakuna aliyetaka kufungua mlango. Tulikaa garini baridi ya mashine inapuliza, tunajipepea juu ya baridi, na mimi nikisubiri mtu aseme kwamba Rahma alisema kweli. Zuwena peke yake alishuka. Alisema anakwenda kunyoosha miguu. Alikuwa hata hakusikiliza masomo siku ile. Alilala kwenye kochi na kinywa wazi.

Alisimama ukingoni, buibui limemshika mgongoni kwa jasho, na hakurudi. Tulimpigia honi, hakugeuka. Mwalimu alishuka na kiti chake, akakiweka katika jua lile, akakaa kumwelekea. Nikatoka kumfuata mdogo wangu kwa hasira, nikifikiri atazimia nami nitaulizwa. Majabali hayakuwa na kivuli hata kimoja. Hilo ndilo nililoliona, na nililiona kama mtu anavyoona kwamba kikapu hakina kitu. Zuwena alikuwa amesimama na mikono imeachwa tu, viatu vimeshika moto chini yake naye habadilishi mguu. Nilipomgusa alishituka. Akaniambia, "Dada, nimetoka sasa hivi tu," na alikuwa amekaa mpaka barafu ya maji yetu imeyayuka.

Mwalimu aliinuka akamshika kiwiko.

Sikusikia neno lenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeshageuka kurudi garini. Nilikuwa sahihi, na usahihi wangu haukunisaidia kitu. Saa ilikuwa siyo, mwezi ulikuwa siyo, pengine hata jabali lilikuwa siyo, na Zuwena aliyelala wakati wa somo amefika. Njia nzima ya kushuka alikuwa kimya kiti cha nyuma, na Mwalimu akimtupia macho katika kioo. Nilitamani Zuwena aharibikiwe na kitu. Sitamani hivyo sasa, lakini siku ile nilitamani, na nilipomshusha kwake jioni kwa gari langu sikungoja afungue geti.

Baada ya hapo nikaingia wazimu kidogo. Nilikwenda mlimani peke yangu kabla ya kazi, umande upo kama alivyoandika Karani, jua likanizukia usoni kwa saa iliyo sahihi kabisa, na nikapiga chafya. Nilikwenda tena. Nilizima simu, nilivua viatu, nilinuia kama mtu anayenuia sala. Kilichonijia kila mara ni uso wa Mwalimu: je, angekuwapo, angeniambia?

Mwisho nikajaribu kuigiza. Tulikuwa Sidab, katika mawe, kwa ajili ya Tabibu aliyeona miamba ya pale na kuacha kuandika. Nilijitenga na wenzangu. Nikauachia mdomo kidogo, mikono nikaiacha kama alivyoiacha Zuwena, nikakodoa macho bila kupepesa mpaka yakatoka machozi. Nilimsikia Mwalimu anakuja, kokoto zinalia chini ya viatu vyake. Akasimama kando yangu, akaniangalia usoni kwa makini sana.

"Rahma, mwanangu," alisema, "tumbo linakuuma?"

Wenzangu walicheka mpaka wakashikana. Zuwena alicheka kuliko wote, kisha akanikumbatia, na kukumbatiwa kule kukanichoma zaidi ya kicheko. Sikurudi Al Amerat Alhamisi iliyofuata wala nyingine. Nilitoa sababu za kazi. Mafaili niliyokuwa nayo niliyatuma kwa mkono wa dereva wa ofisini, yamefungwa vizuri, bila salamu.

Kutoka mbali wivu haukupoa, ulipata nafasi. Zuwena alinipa habari bila kuulizwa, kwa vile hakujua kama zinaniumiza, au alijua na akaona ni dawa. Mwalimu ameacha kuendesha. Zuwena ndiye anayemchukua. Mwalimu anamwita kwa simu asubuhi. Mwalimu amemfundisha kuiweka saa ya magharibi, maana magoti hayapandi kigoda tena. Mdogo wangu, aliyesahau siku ya arusi yake mwenyewe ni tarehe ngapi, ndiye sasa anayeirudisha mishale ya saa ile ukutani. Niliposikia hilo nilisema mashaallah na nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Majira ya baridi haya yaliyopita Zuwena akanipigia. Alisema Mwalimu anataka kwenda juu na anataka mimi niwepo. Nikauliza kama kuna kosa katika faili. Akasema, "Dada, njoo tu."

Nilimkuta amekaa kiti cha mbele cha gari la Zuwena, amepungua, mtandio umefungwa kwa pini ya mtoto. Nilimwamkia shikamoo, akageuza uso kunielekea lakini macho akayapeleka pembeni yangu, begani. Alinieleza njiani, bila kujihurumia. Katikati ya macho yake pameingia doa, na daktari amesema halitoki. Kingo za vitu anaziona. Anaona njia, anaona milima yote barabara, ameweza kunihesabia vilele. Akimtazama mtu ndipo doa linapokaa juu ya uso. Ukiwa mbele yake una mtandio na mabega, na katikati huna kitu.

Tulifika. Alasiri ilikuwa baridi nzuri, kuna watu wengine wameegesha, watoto wao wanakula chipsi. Zuwena alikikunjua kiti na kukiweka kama kilivyokuwa kikiwekwa, mgongo kwa mlima. Akanimiminia chai. Kisha akaenda ukingoni, kwa mwendo wa mtu anayekwenda dirishani kwake. Nilichukua jiwe nikakaa kando ya Mwalimu, nikimwangalia, kama desturi yangu.

Nikamuuliza kwa nini asigeuze kiti. Ikiwa milima ndiyo anayoiona na nyuso hazioni, basi ageuke aione, amekwisha kutuangalia sisi miaka na miaka.

"Nigeuke nione nini?" alisema. "Miye sijapata hata siku moja, Rahma."

Nikadhani sikumwelewa. Akasema tena, na safari hii akaeleza. Alianza kupanda milimani akiwa mwalimu kijana, na mafaili yake, akasimama palipoandikwa, akangoja. Hakikumjia kitu. Alipanda akiwa na furaha, akapanda siku za msiba, akapanda saa zote za saa zote mbili. Aliusoma ukurasa usio na tarehe mpaka akauchukia, maana kila aliyeuandika amepewa na yeye amenyimwa, na wao hata hawakuwa na adabu. Alikuwa haufungi kwa heshima. Aliufunga kwa sababu hakuweza kuusoma kwa sauti bila sauti yake kusema uongo. Halafu siku moja alimpeleka mwenzake, mwenzake akanyamaza, na Mwalimu akatazama uso wake, na pale ndipo alipokiona, kwa mwengine, kwa mbali kidogo, lakini alikiona. Tangu hapo akawa anakaa kinyume.

"Nilikuwa nnasoma nyuso zenu," alisema. "Wa mdogo wako ulikuwa wazi kuliko zote."

Kikombe changu kilikuwa kimepoa. Niliuliza lile ambalo nilikuwa nimeliweka kwa miaka, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto. Niliuliza, na wangu?

Alikuwa anatafuta namna isiyoumiza, kisha akaiacha.

"Wako ulikuwa unaniangalia miye."

Sijui nilitegemea nini. Nilikuwa nimemwonea wivu mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye kiti kile kile changu, cha aliyenyimwa, na aliyekuwa akiona wivu kutuzidi sote. Sikucheka ila nilikaribia. Mwalimu alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata kiwiko changu, nami nikajua kwamba lile neno halitatoka, leo wala siku nyingine, na kwamba hakunishika kwa ajili hiyo.

"Zuwena yupo pale?" aliuliza. "Amesimama?"

Nikasema yupo.

"Miye uso wake siuoni tena. Nnaona buibui tu linapepea." Aliminya kiwiko. "Weye hukosei neno. Nisomee."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amesimama upande, nusu ya uso kwetu, na ilikuwa wazi hata kwangu: kilikuwa kimeshamjia. Nami nilikuwa na uwezo wote mkononi. Ningeweza kusema amechoka, anatazama simu yake, anawaangalia watoto wa watu. Mwalimu asingejua. Ningemfungia faili, kama alivyotufungia sisi, na Zuwena asingekuwa na kitu ambacho sina. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mepesi, ya kawaida.

Nikasema kwamba midomo yake imeachana kidogo. Nikasema kope hazipigi. Mwalimu aliinamisha kichwa kama anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya, na kiwiko changu hakukiachia. Nikasema kuna unywele umemwingilia mdomoni na hajui. Nikasema anafanana na mama alipokuwa akitusubiri kwenye mlango wa skuli, kabla hajatuona, na hilo sikuwa nimewahi kulisema kwa mtu wala kulifikiria. Kila neno liliniuma likitoka, maana lilikuwa la kweli na lilikuwa lake, na sikupunguza hata moja.

Halafu uso wa Zuwena ukabadilika. Kitu kilichokuwa kikiushikilia kilifunguka, na sikuwa na neno lake. Nikanyamaza. Nilisikia pumzi ya Mwalimu kando yangu, fupi fupi, ya mtu aliyeambiwa angoje mlangoni.

"Usifunge hapo," alisema. "Hapo ndipo. Pasome."

Nikamwambia sijui panaitwaje. Akasema yeye naye hajui, nisome hivyo hivyo. Nikajisogeza kwenye jiwe langu, nikaupa mlima mgongo kidogo zaidi nipate kumwona vizuri mdogo wangu, na nikaanza tena, pole pole, kutoka kwenye macho.